Chupa Tatu za Mwalimu

Mujukuu wangu, ule ninaishi naye, iko mu troisième primaire, darasa ya tatu. Siku moja alirudi na karatasi: darasa yao itatembea kujifunza maji, itafika mpaka ku chemchemi ya avenue yetu, na mwalimu anaomba muzee mumoja wa kuwaelezea watoto. Muzee ni mimi. Masomo iliniacha mu deuxième, sababu baba yangu alipenda ng'ombe kuliko shule, lakini ile ni habari ingine. Chemchemi naijua. Tuliijenga kwa salongo, kazi ya wote bila malipo, avenue muzima, wamama wakibeba muchanga, na mimi ndiye nilikuwa muashi. Bomba yenye maji inatokea, niliiweka kwa mikono hii.

Basi nikavaa koti ya misa.

Watoto walikuja wawili wawili. Walikuwa wametoka kuchota maji ku ziwa, na ku robine ya shule. Mwalimu alisema, "Papa muzee, tuelezee." Nikaeleza mawe, nikaeleza mama mumoja aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa hapo mu foleni na bidoni yake ya maji, mpaka mwalimu akakohoa. Nikamalizia, "Maji hii inatoka ndani ya jiwe. Chafu ni ile ya ziwa." Nikakinga kiganja, nikakunywa mbele yao.

"Koko yako anaongea sana," mutoto mumoja akamwambia mujukuu wangu.

"Anajua sana," akajibu.

Mwalimu alikuwa na chupa tatu ndogo zenye dawa, moja kwa kila maji. Akasema zitakaa mu darasa siku tatu, na ile itageuka nyeusi, maji yake imeguswa na choo. Halafu akainua macho ku mulima. "Na vile vyoo kule juu, papa, vilichimbwa lini?"

Nikageuka, nikaangalia na mimi. Wakati wa salongo kule juu ilikuwa majani tu. Kisha watu wakakimbia vita, wengine toka Shabunda, wengine Minova, kila mutu akapata kiwanja chake kidogo. Nani atachimba? Muashi. Nilichimba vya majirani, nikachimba na chetu, sababu huko juu udongo ni laini. Nasema kweli: sikuwaza hata siku moja kwamba kitu kinachoshuka, kinashuka kufika fasi fulani.

Siku ya tatu mujukuu aliingia bila kunisalimia.

"Ya robine?"

"Ilibaki nyeupe."

"Ya ziwa?"

"Iligeuka."

"Na yetu?"

"Yetu ndiyo ilianza."

Tangu hapo akakataa kunywa. Na mu nyumba maji ni ile tu. Robine ya avenue yetu ilikauka zamani, na shule ilikuwa imefungwa kwa siku mbili. Nikaenda kwa chef wa avenue, nikamwambia tufunge vile vyoo. Akacheka. "Papa, changu si ni weye ulikichimba? Watu waende wapi, kwako?" Akaniletea maji ya kunywa, heshima ya mugeni. Nikakunywa. Ningefanya nini?

Siku ya pili ya kukataa maji, mutoto alikula bugali na maharagi bila kitu cha kushushia. Midomo ilianza kupasuka. Alisema mwalimu aliwafundisha kuchemsha: maji iruke vizuri, isitoe tu moshi. Mimi nikatikisa gunia ya makala ya kupikia, ikatoka vipande vya kujaza viganja viwili. Na asubuhi tulipaswa kupika. Nikawasha vyote. Nikapuliza mpaka kichwa ikazunguka. Maji ikatoa moshi, ikaanza kulia mu sufuria, halafu moto ikalala.

Akaja na kopo yake, akasimama karibu yangu.

"Koko, iliruka?"

"Iliruka."

Aliipuliza kidogo, akakunywa yote bila kupumua, akaninyooshea kopo nimuongezee.