Mashahidi Wawili

Yudita alikuwa akigeuza ndagala, dagaa wa ziwani, juani, Rumonge, simu ilipoita. Wifi yake alilia kwamba mumewe, Tarsisi, amefariki hospitalini, huko Bujumbura.

"Nani mwingine amemwona?" Yudita akauliza.

"Wifi, mimi mwenyewe nimemfumba macho!"

"Nipe muuguzi."

Ndivyo Tarsisi, kaka yake, alivyomfundisha. Katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, Tarsisi alikuwa akisikiliza redio na kuwasimulia majirani habari za Burundi. Siku moja alitangaza kifo cha mtu. Mke wa mtu huyo akanyoa nywele kwa msiba, kumbe mume yu hai. Tangu hapo, hata alipokuwa mwalimu Rumonge, kisha mhariri wa habari za kimataifa gazetini, hakupitisha kifo cha rais wala cha mvuvi wa Kabonga bila mashahidi wawili. Wenzake walimwita Tomaso, yule mtume mwenye shaka.

Yudita alisubiri, akimwomba Mungu kwamba shahidi huyo wa pili akanushe.

"Pole, mama," muuguzi akasema. "Ni kweli."

Ndipo akaketi mchangani, akalia.

Walimzika Jumamosi, Kigwena, karibu na michikichi ya baba yao. Katekista aliomba, wakaimba, kila mmoja akatia udongo. Kisha wakanawa mikono, wakarudi nyumbani.