Matofali Yaliyofunikwa Kiangazi

Shule niliishia darasa la pili, huko Tanzania tulikokimbilia. Lakini nyumba hii ya Bugendana, hapa kwetu Gitega tuliporudi, nimeijenga mwenyewe, na asiniambie mtu kwamba ni bahati.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka kuoa. Mke wangu ni wa Giteranyi, kule Muyinga. Tulilala kwenye kibanda cha jiko cha mama. Hakulalamika, ila nilimwona anavyokaa, kama mgeni anayengoja kuambiwa aende. Ndiyo maana nilikuwa na haraka: matofali yakauke, niyachome, tuhamie kwetu.

Asubuhi moja akaona sisimizi wanapanda ukuta, wamebeba mayai yao meupe. Akaacha kufagia. Kwao, sisimizi wakihamisha mayai kwenda juu, mvua iko njiani, na hakuna anayebisha. Akaniambia tufunike matofali yote.

Kiangazi kilikuwa kikali, vumbi mpaka kwenye meno. Jirani aliyekuwa akisukuma baiskeli akasimama kucheka.

"Shemeji, hapa ni Gitega. Mvua ya Muyinga inachoka njiani."

Mama naye akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Mke wangu akainama, akaushika tena ufagio.

Nikazunguka nyuma ya ukuta, nikaelewa. Shimo langu la kukandia udongo lilikuwa limevuja, maji yameingia kwa sisimizi. Walikuwa wanakimbia matope yangu, si mvua.

Nikarudi, nikachukua panga, nikaanza kukata majani ya mgomba. Tukafunika safu zote, sisi wawili, jirani akitazama.

Mvua haikunyesha. Chini ya majani matofali yalikawia kukauka, na sisi tukakawia kwa mama. Kwenye pombe ya ndizi majirani wakaniita Bwana Sisimizi. Nikanywa.

Siku mke wangu alipokwenda mwenyewe kuchota udongo, aliona maji yalipovujia. Akarudi polepole.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulifunika?"

"Matofali ni ya nani?"

Akafikiri kidogo. "Yetu."

"Basi. Ukisema yafunikwe, yanafunikwa."

Jioni ile alimwomba mama ampishe mekoni, akapika maharage kama wanavyopika kwao, na mawese mengi, bila kumuuliza mtu.