Alimlaza Mwanawe Kwenye Kivuli cha Spika

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, mnada wa Msalato, Dodoma, haujajaa, lakini Domitila ameshaanza kufungua soda ambayo haipo.

Anaisogeza maiki mdomoni. Anabandua ulimi kutoka kaakaani, ko! Kizibo kimeruka. Meno yanakutana, pssssss, gesi inatoka. Anameza mara mbili kwa kelele, anashusha pumzi ndefu, "aaaah!" Watu wawili waliokuwa wanapita na mbuzi wao wanasimama.

"Nyuuu! Freshiii! Kuuul!" anapaza sauti. "Juisi ya paketi, maji yako, glasi yako, mia tatu tu!"

"We mzungu wa Chemba!" mchoma nyama anamtania kutoka kwenye moshi wake. "Leo umeamka na Kizungu cha wapi?"

"Cha dukani, kaka. Nunua nikufungie."

Watu wanacheka. Domitila hacheki. Macho yake yako chini, mbele ya spika mbili ndefu kuliko mtu mzima, zilizosimamishwa juu ya pikapu. Pale chini kuna kivuli, na kwenye kivuli kuna mtoto mchanga wa mtu mwingine, kalazwa kwenye kanga, kalala fofofo.

Domitila ana miaka thelathini na mbili. Shule aliishia darasa la saba, huko Chemba, na Kizungu anachokitangaza hakijui. Anajua mlio wake tu. Alikiokota redioni na kwenye simu za watu, akakikariri kama mtu anavyokariri wimbo wa kanisani wa lugha ngeni. "Krispi" anaiweka kwenye biskuti, kwenye sabuni, hata kwenye godoro. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika.

Milio mingine hakuiokota popote. Kwao wanazungumza Kisandawe, lugha ya kudatisha ulimi. Alizaliwa na ulimi unaojua kugonga, kufyatua na kubandua. Alipofika mjini kutafuta kazi za ndani, Ulimboka, mwenye pikapu na spika, alimsikia akimchekesha mtoto wa bosi wake kwa mlio wa kizibo. Kesho yake akamwita.

"Kiswahili kinaeleza, Kizungu kinapiga kofi," anasema Ulimboka, mwanamume mnene anayependa kuzungumza akiwa anakula. "Ukisema 'mpya' mtu anapita. Ukisema 'nyuuu!' shingo inageuka. Na ukimfungulia soda masikioni, kiu inamshika hata kama katoka kunywa. Huyu dada mdomo wake ni duka zima."

Malipo ni elfu ishirini kwa siku ya mnada, na siku za mnada ni tatu au nne kwa wiki, leo Msalato, kesho kutwa kwingine. Kwa mama anayelipa peke yake chumba mtaani Veyula, hiyo si haba. Baba wa mtoto wake alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu kabla mtoto hajasimama dede. Simu yake haipatikani hadi leo.

Mtoto ni Yasinta. Alianza kwenda kazini na mama yake akiwa na miezi minane, kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia.

Anayeufahamu uwanja wa mnada anajua jua lake. Hakuna mti wa maana, upepo unapiga vumbi, na turubai za wafanyabiashara zimejaa bidhaa hadi ukingoni. Kivuli kilichobaki ni cha spika. Asubuhi kinaangukia mbele, alasiri kinahamia nyuma, na Domitila alikuwa anaihamisha kanga kufuata kivuli. Mtoto analala chini ya mdomo wa spika, mama anatangaza juu.

"Nilikuwa namwangalia naona raha," anasema. "Watoto wa wenzangu wanalia kwenye kelele, wangu analala. Nikasema huyu kazaliwa kwenye kazi, kazi imemzoea."

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na ni vizuri kila mwenye mtoto mdogo alisikie. Mtoto anayelala mbele ya spika hajazoea. Masikio yake yanakufa pole pole, na kifo hicho hakina homa, hakina usaha, hakimlizi.

Yasinta alipotimiza miaka mitatu, alikuwa anatangaza kuliko anavyoongea. Akitaka maji, anafungua soda kwa ulimi. Akishiba, "aaaah!" Wachoma nyama wakimwona wanampa kipande cha mshikaki ili aseme "freshiii", naye anasema, kichwa kakiinua, na ile "sh" inatoka ndefu na safi kama maji yanayomwagwa kwenye karai la moto. Ulimboka alimrekodi. Akamnunulia gauni la njano na viatu. Tangazo la juisi likawa na sauti mbili, mama anafungua soda, mtoto anamalizia "freshiii!" Paketi zikanunulika hadi zikaisha.

Mama alitembea kifua mbele. Wenzake walimwambia huyo mtoto asipokuwa mtangazaji wa redio, basi redio zote zifungwe.

Mwaka uliofuata sauti zikaanza kumtoka.

Domitila ndiye aliyegundua, kabla ya mtu yeyote, kwa sababu masikio yake ni ya kazi hiyo. Yasinta akaanza kusema "abuni" badala ya sabuni. "Oda" badala ya soda. "Freshi" ikakatika mkia, ikabaki "re-i". Ule mlio wa gesi, psssss, ukapotea kabisa. Akajaribu kuufanya, inatoka pumzi tupu.

"Nikasema ni deko," anasema Domitila, akikunja pindo la kitenge. "Nikamwambia, Yasinta, acha uvivu, sema shhhh. Hasemi. Nikamfinya."

Kisha anasema jambo ambalo, kwa maelezo yake, hajawahi kumwambia hata mama yake mzazi.

"Nikamsogeza karibu na spika. Nikazungusha kitufe, nikapandisha zile sauti nyembamba hadi mwisho, ili ile 'sh' aisikie vizuri, aishike. Mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kusimama pale. Yeye nikamkalisha. Nilifanya hivyo miezi miwili, kila mnada. Nilidhani namfundisha."

Aliyemfumbua macho hakuwa mtu wa hospitali. Alikuwa Anna, mwalimu wa chekechea, mtaani kwao. Wiki ya pili tu tangu Yasinta aanze shule, alimwita mama.

"Mama Yasinta, mwanao hanisikilizi, ananitazama mdomo," alimwambia. "Angalia."

Mwalimu Anna akaziba mdomo wake kwa daftari, akaita jina la mtoto kwa sauti ya kawaida. Watoto wengine wote wakageuka kumtazama Yasinta. Yasinta naye akageuka, akatazama wanakotazama wenzake, nyuma yake, ukutani.

Hospitalini, mjini, mtoto alikalishwa kwenye chumba kidogo, akavikwa hedifoni kubwa. Akaambiwa kwa ishara, ukisikia mlio, nyoosha mkono. Milio minene akainyooshea mkono, kwa furaha, kama anacheza. Ikaja milio ya katikati, mkono ukawa unasita. Ikaja ile nyembamba.

Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba Domitila, aliyekaa kwenye kiti cha pembeni, aliusikia mlio ukivuja kutoka kwenye hedifoni. Tiiii. Ukaongezwa. Tiiiiii. Hedifoni ziko kwenye masikio ya mwanawe, na anayesikia ni yeye. Yasinta alikuwa anamtazama mama yake akitabasamu, mikono kwenye mapaja, anasubiri mchezo uendelee.

"Ndani ya sikio kuna vijinywele," daktari alimweleza baadaye. "Ndivyo vinavyopokea sauti. Kelele kubwa inavilaza, ikizidi inaviua. Vikishakufa, mama, havioti tena."

"Hata kwa dawa?"

"Hata kwa dawa."

"Hata nikimpumzisha na kelele?"

"Ukimpumzisha utaokoa kilichobaki. Kilichokwenda kimekwenda."

Vifaa vya kuvaa masikioni vipo, na vitamsaidia kiasi, lakini vyote viwili vinakaribia milioni mbili. Domitila ameweka laki mbili na nusu kwa mwaka mzima. Tena daktari hakumficha. Vifaa vitaikuza sauti iliyobaki, havitairudisha iliyokufa.

Sasa Yasinta ana miaka sita na haendi tena mnadani. Anabaki na jirani. Kila mwezi maneno yake yanazidi kulegea kingo, na watoto wa mtaani wameanza kumwita bubu. Yeye hasikii wanavyomwita, anawafuata akicheka.

Kuacha kazi, Domitila alijaribu. Aliuza mchicha wiki sita. Mchicha ukanyauka, kodi ikafika, akarudi kwenye maiki.

Kinachomuua zaidi ni lile tangazo la zamani. Bado linapigwa. Kila Jumamosi, mara arobaini, mara hamsini, anafungua soda, na sauti ya mwanawe wa miaka mitatu inamalizia kutoka kwenye spika, "freshiii!", na "sh" yake nzima, haina doa.

Alimwomba Ulimboka alifute.

"Dada Domi, nikifuta nitauza nini?" Ulimboka alimjibu, na hakusema kwa ubaya. "Wateja wanamjua yule mtoto. Nikimtoa, juisi inalala."

"Yule mtoto hayupo tena, Ulimboka."

"Sauti ipo."

Kwa hiyo ameamua kufanya jambo moja analoliweza. Mnadani, watoto wanaolazwa karibu na spika si haba, maana pikapu za matangazo zimeongezeka na jua halijapungua. Jumamosi iliyopita aliwahesabu, wakafika kumi na mmoja. Mmoja wao, yule wa kwenye kanga, ni wa Debora, muuza mitumba.

"Debora, mdogo wangu, mtoe mtoto hapo," alimwambia.

"Kha! Nimtoe kwenye kivuli nimweke juani? Muone mwenyewe anavyolala. Mtoto akilala hivyo ana raha zake."

"Wangu alilala hivyo hivyo."

"Wako ulimwanzishia Kizungu mapema, ndiyo maana," Debora alitania, na wenzake wakaangua kicheko. Mtoto hakuhamishwa.

Domitila akamwomba Ulimboka dakika kumi za maiki kabla ya biashara kuanza. Alipewa. Hakufungua soda. Hakusema "nyuuu". Alisema kwa Kiswahili cha kawaida, taratibu, kwamba ana mtoto anaitwa Yasinta, kwamba alimlaza hapa chini, kwamba sasa hasikii, na kwamba mwenye mtoto amtoe mbele ya spika leo hii, hata kama ni juani, amfunike na kanga.

Watu walikusanyika. Walisikiliza vizuri mno. Hakuna aliyezomea, hakuna aliyeondoka. Alipomaliza na kuishusha maiki, bado walikuwa wamesimama, wanasubiri. Bibi mmoja mwenye mjukuu mgongoni akasogea hadi kwenye pikapu, akafungua fundo la hela kwenye ncha ya kanga yake.

"Pole, mwanangu," akasema. "Habari zako zimenigusa. Sasa hiyo dawa ya masikio ni bei gani?"

"Shikamoo, mama. Hakuna dawa. Siuzi kitu."

"Marahaba. Sasa mbona umetangaza?"

Bibi akafunga fundo lake, wengine nao wakatawanyika, na Ulimboka akabonyeza kitufe, tangazo la juisi likaanza.

Jumamosi ijayo Domitila amepanga kufika mnadani saa kumi na mbili asubuhi, turubai zinapotandikwa, kabla spika hazijawashwa. Atapita kwa mama mmoja mmoja, ataanza na Debora. Ameshapima kwa hatua mahali pa kuwahamishia watoto, nyuma ya mabanda ya nyama, hatua mia na themanini. Panafuka moshi, lakini pana kivuli kidogo.

"Sitabeba maiki," anasema. "Na milio yangu nitaiacha nyumbani. Nikiwafanyia hata mmoja watacheka, na wakishacheka, sijasema kitu."