Baraka Niliyomnyima Mwimbaji

Leo nimemnyima mtu baraka, nami niko karibu kufa.

Mwimbaji niliyemfundisha shuleni, ambaye ziara yake imejaza viwanja kuliko ya mwimbaji yeyote hapa kwetu, alikuja kitandani kwangu Mukurweini na wapiga picha. Akapiga magoti, viganja wazi, kama desturi yetu mzee anapobariki.

"Mwalimu, nitemee mate ya baraka. Wimbo wetu unaenda Ulaya."

Wetu? Niliutunga nilipomzika mke wangu. Jukwaani yeye husema ni wake.

"Basi waambie hawa kwamba niliutunga mimi."

Akacheka. "Mwalimu, watu washazoea."

"Mate yangu yamekauka," nikamjibu.

Alipoondoka, binti yangu akaniuliza, "Baba, utaenda kwa Mungu hivyo?"

Nikaomba kikopo, nikatema. Mate yalikuwa tele.

Nihukumuni ninyi kwanza, kabla ya Mungu.