Mbao ya Shavu la Kushoto

Ni asubuhi ya Julai, baridi ya Randburg inauma mpaka kwenye kucha, na Lambert Mushagalusa anawasha mshumaa. Si wa kuombea, wala si wa kuota moto. Anaupitisha polepole chini ya mtutu wa bunduki kuukuu uliobanwa kwenye jiliwa, mpaka chuma chote kinakuwa cheusi kwa masizi.

Kisha anaulaza mtutu huo juu ya mbao yake, anakandamiza kidogo, anauinua. Ndani ya mbao yamebaki madoa mawili meusi. Lambert anatabasamu kama mtu aliyemfumania mwizi wa kuku.

"Hapa ndipo mbao inamubana," anasema, na kidole chake kinagusa doa la kwanza. "Mtutu ikipata moto inavimba. Mbao ikikatala kumupisha, risasi inaenda kwa jirani."

Anachukua patasi ndogo, anakwangua unga kiduchu, anawasha mshumaa tena. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na Lambert analijua hilo kuliko wengi. Akikwangua kwa pupa, mbao ya mjozi iliyokomaa tangu enzi za mababu haina wa kuirudisha.

Bunduki anazozihudumia ni zile za wenzo, ambazo chini yake zina mkono wa chuma unaoshushwa na kupandishwa kila baada ya risasi. Siku hizi wengi wanaozimiliki hapa Johannesburg ni wazee wa vilabu vya shabaha, au watoto waliozirithi wasijue wazifanyie nini. Huja zikiwa na kutu, vitako vya mbao vimepasuka, wenzo unacheza kama jino bovu. Hutoka zinang'aa, na zinapiga pale zinapoelekezwa.

Lambert, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, alizaliwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, katika nyumba ya seremala. Ujanja wa masizi aliurithi kwa baba yake, aliyeutumia kupachika milango ya kanisa. Alipofika Johannesburg aligonga milango ya karakana za makabati mpaka vidole vikachoka, hadi Steve, mwenye karakana hii na mwenye leseni ya kazi hii, alipomwonyesha kitako kilichopasuka akamuuliza kama anaweza kukiunga.

Aliweza. Mwisho wa mwezi sasa anapokea randi elfu sita na ushee, na karibu nusu yake inamezwa na kodi ya vyumba viwili kule Troyeville. "Hatushibi sana, lakini hatulali njaa," anasema.

Lakini kuna jambo moja ambalo wateja wake wengi hawalijui. Fundi huyu anayezinyoosha bunduki za watu hajawahi kufyatua risasi hata moja maishani mwake.

Jumamosi za majaribio, nje ya mji, Steve ndiye anayelala nyuma ya magunia ya mchanga na kupiga. Lambert husubiri bunduki zote zitulizwe, akaenda kuitoa karatasi ya shabaha, akaisoma. Matundu yakipanda kadiri mtutu unavyopata joto, anajua mbao bado inabana. Yakitawanyika ovyo, kuna skrubu imelegea. Steve anasema kwa utani kwamba yeye ni kidole tu, Lambert ndiye macho.

Kutofyatua ni ahadi aliyompa mkewe, Jocelyne.

Jocelyne ni fundi cherehani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na mkono wake wa kazi ni wa kushoto. Utotoni bibi yake aliuchapa mkono huo kila ulipotangulia kwenye sahani, na haukusikia. Katika vita vya kwao waliokuja na bunduki walimuua kaka yake, Pacifique, mlangoni pa nyumba yao, naye Jocelyne akiwa chumba cha pili. Siku Lambert alipomwambia amepata kazi, na kazi ni ya bunduki, Jocelyne aliiacha sufuria mpaka ikaungua.

Hatimaye alikubali kwa masharti mawili. Kidole cha mumewe kisifyatue, na chuma kisivuke kizingiti cha nyumba yao. Hilo la pili hata sheria inalitaka, kwani silaha haitoki kwa Steve, lakini Jocelyne alimaanisha zaidi ya sheria. Hataki skrubu, hataki tupa, hataki hata koti la kazi. Kila jioni Lambert huosha mikono kwa limau na sabuni kabla ya kupanda teksi, na kanisani akiulizwa anafanya kazi gani, hujibu kuwa ni fundi mbao na kubadilisha mazungumzo.

Mwanzoni mwa mwaka huu masharti hayo hayakutosha tena. Jocelyne alianza kuota ndoto za zamani. Alimwambia mumewe, bila ugomvi, kwamba ameshindwa, na kwamba ni afadhali waishi kwa cherehani yake peke yake mpaka Lambert apate kazi ya makabati. Lambert aliona mkewe anaomba haki yake. Aliomba tu amalize bunduki moja iliyokuwa imekwisha kufunguliwa mezani.

Ilikuwa ya Oom Gawie. Oom ni heshima ya Makaburu kwa mtu mzima, kama sisi tusemavyo mjomba, na Lambert humwita hivyo hivyo. Mzee huyo ana umri wa miaka themanini na mmoja. Kwa miaka mingi yeye na mkewe walikwenda pamoja kulenga karatasi kila Jumamosi, wakibeba chupa ya kahawa, wakipokezana bunduki hiyo hiyo. Mke alifariki. Mzee alitaka apige tena raundi moja nzuri, basi, kisha bunduki iende kwa mjukuu.

Steve alipoijaribu, matundu yalikusanyika mahali padogo kama kifuniko cha chupa. Alipoipiga mwenyewe mzee, karatasi haikuguswa. Akapiga tena, ikawa vile vile. Mzee akaitupia lawama alama ya kulengea, akalaumu upepo, na upepo siku hiyo haukuwepo.

Lambert ndiye aliyeona kwamba mzee anapindisha shingo ili jicho la kushoto lifike kwenye mtutu. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kufunikwa na ukungu, na alikuwa akiuficha hata kwa watoto wake. Maneno hayo Lambert aliyasema kwa upole, wakiwa wawili tu. Mzee akauliza kama mbao inaweza kuhamia bega jingine.

Bunduki ya wenzo haichagui mkono, kwa kuwa wenzo uko chini katikati. Kinachochagua ni kitako, ile mbao inayokaa begani na kupokea shavu. Lambert akachonga kipya, na hapo ndipo alipokosea. Alikipimia kwenye shavu lake mwenyewe, naye ni mtu mrefu, mwenye shingo ya twiga kwa maneno ya mkewe. Mzee Gawie amepungua kama kipande cha sabuni. Risasi ya kwanza tu, mbao ilimgonga chini ya jicho, pakavimba.

"Ninaona haya mpaka leo," anasema Lambert. "Mzee alisema si kitu. Lakini aliacha kofia yake kwa meza, akaenda kwa gari. Alikuwa amekata tamaa."

Hakuthubutu kumwita tena mzee apimwe. Akawaza nani mwingine ni mfupi, ana mabega madogo, na ni mashoto. Jibu lilikuwa linamngoja nyumbani, linashona.

Jumapili moja baada ya ibada, Lambert aliweka mezani kitako cha msonobari, mbao tupu aliyoichonga kwa ajili ya kupimia. Jocelyne aliitambua mara moja. Akatoka kwenda kuanua nguo, na nguo zenyewe zilikuwa hazijakauka.

Mbao ilibaki pale. Chakula cha jioni kililiwa ikiwa kati ya chumvi na bakuli la ugali, na hakuna aliyeigusa. Binti yao, Benita, alipokwenda kulala, Jocelyne aliuliza ni ya nani. Lambert akamweleza habari za mzee, za mkewe na za chupa ya kahawa.

"Anataka kuua nini?" aliuliza.

"Karatasi, Mama Benita. Karatasi tu."

Jocelyne alifuta mikono kwenye kitenge, akaichukua mbao, akaiweka bega la kushoto. Lambert hakuwa na penseli karibu. Aliokota chaki ya kushonea kwenye cherehani, akachora mstari pale shavu la mkewe lilipotua, akachora mwingine kwenye bega. Jocelyne hakuondoa shavu.

"Wale waliokuja kwetu," alisema akiwa vile vile, "na wao walilaza shavu hivi?"

Lambert anapoisimulia sehemu hii anaacha patasi. "Niliweka chaki chini, nikamushika. Tulilia sisi wawili, kimya kimya, mutoto asiamuke."

Ni ajabu, lakini ni kweli: kwa miaka yote ya ndoa yao ilikuwa mara ya kwanza kumlilia Pacifique pamoja. Kila mmoja alikuwa akimlilia peke yake, akidhani anamhurumia mwenzake.

Kitako kilichofuata mistari ile ya chaki kilichukua muda, maana Lambert hakutaka kukosea tena. Siku ya kukijaribu, Oom Gawie alikilaza begani, akatulia, akauliza ni nani aliyepimiwa. Lambert akamjibu ni mke wake. Mzee akavua kofia.

Kisha akapiga, taratibu, akishusha na kupandisha wenzo kama anayepiga pampu ya maji. Lambert alikwenda kuitoa karatasi. Matundu yote yalikuwemo, mengine yamegusana. Mzee aliishika karatasi ile, akamimina vikombe viwili vya kahawa, kimoja akakiweka mezani kisinywewe.

Karatasi alimpa Lambert ampelekee mkewe. Karatasi si chuma, kwa hiyo ilivuka kizingiti. Jocelyne aliitandaza, akapitisha kidole juu ya kila tundu.

"Hizi zote hazikumupata mutu?"

"Hazikumupata mutu."

Usiku huo Jocelyne hakusema aache kazi, wala hakusema aendelee. Maji aliyoyavulia nguo, Lambert alikuwa tayari kuyaoga, na tayari pia kutoka.

Jibu lilikuja baada ya muda, na halikuja kwa maneno. Gazeti hili lilipomtembelea Jocelyne Troyeville, alikuwa anapiga pasi magauni ya watoto wa kwaya, na mikono ya magauni hayo ni midogo yenye mikunjo, haipigiki juu ya meza. Alikuwa ameivisha mikono hiyo, mmoja baada ya mwingine, kwenye mbao iliyopinda vizuri, aliyoifunga blanketi kuukuu na kuishonea shuka jeupe.

Ni kile kitako cha msonobari. Jocelyne anasema kinafaa kuliko kibao chochote alichowahi kununua Fordsburg.

Mpango wao sasa ni kukodi banda lililo nyuma ya nyumba, nusu cherehani, nusu meza ya seremala. Lambert atachonga vitako humo, na chuma kitabaki Randburg, ambako atakuwa anakwenda siku za kupachika na za majaribio tu. Wazo ni la Jocelyne. Mumewe anacheka akisema hata mahali pa kukaa meza yake ameshapangiwa.

Ndoto hazijaisha, mama huyo anasema bila kuinua macho kwenye pasi, ila zinakuja kwa nafasi. Anaukunjua mkono wa gauni, anaigeuza mbao, na kwenye kona ambako shuka limelegea unaonekana mstari wa chaki ya buluu.

Anaulizwa kwa nini hakuufuta alipokuwa anaivisha.

"Mzee akichoka na ile yake, Papa Benita atahitaji kupima tena," anajibu, na kulivuta shuka pole pole juu yake. "Shavu langu liko hapa."