Fundi Okedi na Jiwe la Mvua

Mvua za mwisho wa mwaka 1961 zilikuwa mbaya. Mihogo ilioza ardhini, na njia ya kutoka Adungosi kwenda Malaba ikakatika mara kadhaa. Jumamosi moja adhuhuri, kanisa la bondeni likaanguka. Rael, mama mwenye umri mkubwa aliyekuwa na zamu ya usafi, alikuwa ndani akifagia. Ukuta wa udongo ulikuwa umelainika kama ugali mbichi, ukajipinda, ukamlalia. Majirani walimfukua akiwa hai, lakini nyonga ilikuwa imevunjika, na tangu hapo hakutembea tena bila kushika kitu.

Mwanawe, Nathaniel Okedi, alikuwa Malaba siku hiyo, juu ya paa la duka alilokuwa akilijenga karibu na reli. Alikuwa amejifunza uashi ng'ambo ya mpaka, Tororo, na huko huko mkubwa wake mmoja akamfundisha kuchora ramani za majengo. Habari ilipomfikia aliteremka, akapanda baiskeli, akaenda. Baada ya kumwona mama yake, alikwenda kanisani. Watu walikuwa wakiokota mabati na viti. Yeye alisimama juu ya kifusi mpaka mvua ikaanza tena, akatazama maji yanakopita. Yalipita pale pale palipokuwa na meza ya Bwana.

"Tulijenga kwa njia ya maji," alimwambia mkewe, Petronilla Atyang, jioni ile. "Maji hayakukosea. Yalikuwa yakienda kwao."

Ilipita miaka miwili kabla ya waumini kupata nguvu za kujenga tena. Kasisi wao alikuwa Pasta Bwire, Msamia mpole ambaye hakupenda ugomvi. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Ouko, Mjaluo wa Alego aliyefanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani Malaba, mtu wa suti na viatu vinavyong'aa, mwenye moyo wa kutoa. Wote wawili walimtaka Okedi awe fundi mkuu. Walikuwa na ramani tayari, ya nyumba ndefu iliyonyooka, aina iliyokuwa ikijengwa kila mahali.

Okedi aliitazama kwa heshima, akaikunja.

"Hii ni nzuri," alisema. "Lakini si ya hapa. Nipeni muda nitafute mahali."

Mahali alipopata palikuwa kwenye mwinuko, kando ya jabali kubwa la kijivu ambalo Wateso wa pale waliliita Jiwe la Mvua. Zamani, ukame ukizidi, wazee walikuwa wakienda kusimama mbele yake na kumwomba Edeke, Mungu wao, alete mvua. Okedi alikwenda pale asubuhi, akaenda mchana, akaenda wakati wa upepo. Aliona kwamba maji yakifika kwenye jabali hugawanyika, yakashuka pande mbili. Aliona kwamba kukiwa hakuna mawingu, Mlima Elgon huonekana wote kaskazini. Kisha akakaa nyumbani akachora.

Alichora kanisa lenye umbo la nusu duara, kuta zake zikilizunguka jabali kama mikono ya mtu aliyebeba mtungi. Hakukuwa na ukuta wa nyuma. Jiwe lenyewe lilikuwa ukuta, na madhabahu mbele yake. Paa lilikuwa la nyasi, limeshuka chini sana kama paa la ghala la wimbi, ili mvua isiguse kuta na watu wapate kivuli kuzunguka nyumba nzima. Upande wa kaskazini aliacha dirisha pana, ili anayeketi auone mlima.

Kamati ilipokutana, Ouko aliitazama ile ramani kwa muda mrefu.

"Fundi, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini bendera ya uhuru imepanda juzi tu. Watoto wetu wanasoma. Wewe unataka turudi kwa nyumba ya nyasi, tena ya mviringo? Watu wa Bumala wakipita watatucheka."

"Nyumba ya mviringo ndiyo ulikuta sisi ndani, Bwana Ouko. Haijatuaibisha."

"Na hiyo jiwe? Hiyo ni mambo ya mashetani."

Pasta Bwire alikohoa. "Si mashetani," alisema polepole. "Lakini askofu ataniuliza, na mimi sijui nitamjibu nini."

Ramani ikakataliwa. Kesho yake Okedi alikwenda kwa mwenye shamba lile, Mzee Ekirapa, aliyekuwa baba mzazi wa Atyang. Ekirapa hakuwa amebatizwa. Walizungumza kwa Kiteso, na Okedi aliketi chini kama inavyompasa mkwe.

"Nasikia unataka kulifungia jiwe ndani ya nyumba," Ekirapa alisema.

"Nataka kulipa nyumba, baba."

"Limekuomba nyumba?"

Ekirapa alinyosha mkono kuelekea mwinukoni.

"Babu yangu alisimama pale akiomba, na mbingu ilikuwa wazi juu yake. Ukiliwekea paa, mvua italiona vipi? Nenda, mwanangu. Mimi sina hasira. Lakini siwezi kukubali."

Basi akawa amekataliwa na Wakristo kwa sababu ya jiwe, na mwenye jiwe kwa sababu ya paa la kanisa. Rafiki zake wa Malaba walimshauri arudi kwenye maduka, ambako mtu huambiwa vipimo, akajenga, akaenda zake. Atyang alimuuliza kama ataacha.

"Hapana," alisema. "Ila nimeanza vibaya. Niliwaonyesha karatasi."

Akaanza na nyumba ya mama yake. Rael alikuwa bado analala katika chumba cha nyuma cha nyumba ya zamani, akichukuliwa nje na ndani kama mzigo, na hilo lilimuuma kuliko nyonga. Okedi alimjengea nyumba juu kidogo ya boma, akiuacha mwamba mdogo uliokuwapo uwe sehemu ya ukuta. Sehemu ya mbele aliipinda, akaipa baraza lenye paa lililoshuka, na ndani ya baraza akajenga kijiukuta cha kimo cha mkono wa mama yake. Atyang na wanawake wa boma waliisiliba kwa udongo mwekundu na mweupe na majivu meusi, kwa michoro ambayo mama zao walikuwa wakiichora.

Siku ya kuhamia, Rael alishika kile kijiukuta, akaanza kwenda. Alikwenda polepole kutoka mlangoni hadi upande wa jua la asubuhi, akapumzika, akaendelea mpaka upande wa jikoni. Hakuna aliyemshika. Alipofika mwisho alimwambia mkwewe, "Atyang, leo nimetembea kwangu," na wote wawili wakalia.

Masika yaliyofuata maji yalishuka kwa nguvu, yakagonga ule mwamba, yakagawanyika, na ukuta ukabaki mkavu. Watu walikuja kuona. Pasta Bwire alikuja kumwombea Rael, akakaa barazani muda mrefu kuliko alivyokusudia, mvua ikinyesha hatua chache kutoka kwenye magoti yake.

"Hapa mtu anaweza kuomba," alisema alipoinuka kwenda. "Okedi, lete ile ramani. Askofu nitamjibu mimi."

Mzee Ekirapa naye alikuja kumjulia hali mkwe mwenzake. Hakusifu kitu. Alipapasa mwamba pale ulipokutana na udongo, akaona kwamba haukuguswa na chuma. Kisha akamwambia Okedi masharti mawili. Patasi isiligonge Jiwe la Mvua, na jiwe lisikose mbingu.

Sharti la pili lilimnyima Okedi usingizi. Atyang ndiye aliyemuuliza, wakipalilia mtama, kwa nini paa lazima lifike kwenye jiwe. Okedi aliliacha jembe pale pale shambani, akaenda kuchora. Paa sasa lilikoma kabla ya jabali na kuacha uwazi wa upana wa mlango. Mvua ingeanguka juu ya jiwe, ndani ya kanisa, mbele ya macho ya watu wote, kisha ingepita kwenye mfereji wa mawe na kutoka nje. Ekirapa alipoelezwa, aliinama akafuata kwa kidole mstari wa mfereji, akaitikia kwa kichwa.

Kwa Ouko, Okedi hakushinda yote. Kamati ilikubali umbo na mahali, ikakataa nyasi. Wakataka mabati. Okedi alibishana mpaka sauti ikakauka, akashindwa. "Basi mabati," alisema, "lakini nitayawekea dari ya matete, la sivyo mvua ikinyesha mtamwona Pasta akifungua mdomo tu."

Kazi ilianza mwanzoni mwa 1965. Saruji ilitoka Tororo, ikavushwa mpakani Malaba, na Ouko alihakikisha haicheleweshwi. Mawe ya kuta yaliokotwa mashambani, hivyo kila boma likasafisha shamba lake na kujenga kanisa kwa wakati mmoja. Kuta zilipofika kifuani, Okedi akashikwa na malaria kali, akalazwa hospitali.

Siku zile Ouko alikuja kuangalia kazi. Aliona kwamba jabali limetokeza pale madhabahu itakapokaa, na madhabahu haitakuwa sawa. Kwa nia njema kabisa akawaagiza mafundi walisawazishe. Walipiga patasi asubuhi nzima. Kipande kikubwa kama kiti kikabanduka.

Ekirapa hakupiga kelele. Alikuja, akakitazama kile kipande, akawaambia watu waondoke kwenye shamba lake. Wakaondoka. Msimu mzima wa kupanda ulipita, na magugu yakaota ndani ya kuta.

Okedi alitoka hospitali amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Alikwenda kwanza kwa baba mkwe wake. Ekirapa alimsikiliza, kisha akasema hataki kitu chochote isipokuwa kimoja: aliyeagiza aje aseme kwa mdomo wake mwenyewe. Okedi akapanda baiskeli mpaka Malaba. Alimkuta Ouko kwenye foleni ya malori, makaratasi mkononi.

"Mimi nilikuwa nasaidia," Ouko alisema. "Niende niombe msamaha kwa jiwe?"

"Si kwa jiwe. Kwa mzee."

"Sina nafasi leo."

Okedi alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Hakubadilisha maneno. Madereva na mataniboi wakawa wanamjua, wakimwona tu wanasema, "Boss, kanisa imekuja." Mara ya mwisho alimkuta Ouko ameketi peke yake kwenye gogo kando ya reli, amevua viatu.

"Bwana Ouko," alisema, "mimi siwezi kumaliza nyumba ya Mungu kwa shamba ya mtu ambaye tumemuumiza. Wacha ianguke."

Ouko alitazama reli. "Kwetu Alego kulikuwa na mahali," alisema mwishowe. "Mti na mawe. Baba yangu alipobatizwa, aliambiwa aukate. Aliukata. Halafu akakaa chini akalia, na mimi nilikuwa mdogo, nikamwona. Sijawahi kumwambia mtu." Akavaa viatu. "Twende."

Alisimama mbele ya Ekirapa na suti yake yenye vumbi la njia, akasema kwa Kiswahili, "Mzee, mimi ndiye niliwaambia wapige. Sikuuliza. Nisamehe." Ekirapa hakujua Kiswahili kingi, lakini hilo alilielewa. Aliita kiti kiletwe. Wakala pamoja ugali wa mtama na kuku, na kesho yake mafundi wakarudi kazini. Madhabahu ilijengwa ikifuata jabali lilivyo, na kovu la patasi likaachwa wazi, kwa maana Okedi alikataa kulifunika kwa saruji.

Atyang na wanawake walisiliba kuta za ndani kwa rangi zao tatu. Kanisa lilifunguliwa 1967. Rael aliingia akiwa ameshika ukuta, akaenda nao mpaka mbele bila kusaidiwa, kwa sababu haukuwa na kona ya kumfanya auachie. Ndugu wawili watatu walikataa kuingia kabisa, wakahamia kanisa jingine, na hawakurudi. Watu wa Bumala walikuja, na wengine walicheka kweli. Ekirapa hakubatizwa hadi kufa kwake. Lakini mvua ilipokuwa ikinyesha siku ya ibada, mara nyingine alikuja akasimama karibu na ule uwazi, mkono wake ukiwa juu ya jiwe lililolowa. Pasta Bwire alikuwa akiendelea na mahubiri, na hakuna aliyemwambia mzee aketi.

Mwaka mmoja baadaye, watu wa Busibwabo walimwita Okedi awajengee zahanati. Alikwenda akaona wameshachimba msingi penye chemchemi, wameshakata miti yote iliyoizunguka. Aliwaambia wafukie msingi, wapande miti, wajenge sehemu ya juu, mbali na maji. Walimwambia atafute kazi kwingine. Alirudi nyumbani, akanywa uji, akalala, akaamka mapema akaanza kufunga kamba za vifaa kwenye baiskeli.

"Unaenda wapi?" Atyang alimuuliza.

"Busibwabo."

"Si wamekukataa?"

"Wamekataa jana," alisema Okedi, akikagua upepo wa gurudumu la nyuma. "Leo sijawauliza."