Dola Nyeusi ya Mama Mkenya

Hamjambo wasomaji. Tulieni kidogo, niwape ya Jumamosi huku ughaibuni, Riverdale Park.

Nilipeleka nusu dola yangu ya zamani kwa fundi wa kupima sarafu. Mbele yangu kwenye foleni alikuwapo mama wa Kikenya anayetunza wazee majumbani. Alishika sarafu ya dola ya madini ya fedha, nyeusi tii, aliyoachiwa na mzee mmoja aliyemtunza hadi akafariki. Alitaka ipewe daraja la ubora, ijulikane thamani yake. Mara akatoa kitambaa na dawa ya meno.

"Mama, unafanya nini?"

"Si naisugua kwanza? Nitampea huyu fundi mzungu kitu chafu hivi?"

Kaunta ilikuwa na kibao cha Kiingereza. Mimi nimejifunza kusoma ukubwani, basi nikakifuata kwa kidole, neno kwa neno: msisafishe sarafu. Nikamwambia aache.

"Nani amekuambia?"

"Nimesoma mwenyewe."

Nikaifunika dola kwa kiganja, sikubanduka mpaka fundi alipokuja na lenzi. Akaigeuza taratibu. "Daraja la juu," akasema. "Ingesuguliwa, ningeandika imeharibika."

Sisi tumezoea kung'arisha kila kitu kabla ya mgeni kufika, hata marehemu tunamsifu mpaka ang'ae.

Mama akanishika mkono. "Dada, ngoja basi unisomee cheti cha hilo daraja."

"Nina darasa langu la kusoma saa hii. Nikitoka narudi. Hiyo dawa ya meno nipe mimi."